Kilomita ya Kumi na Moja

Tairi za inchi kumi na mbili hazipatikani tena.
Nimezitafuta Shimanzi, nimezitafuta Kongowea,
na muuzaji mmoja pale Mwembe Tayari
alinitazama kama niliyemwomba chenji ya senti ya tundu:
"Mama, hizo siku hizi ni za mikokoteni."

Basi Datsun ya Shekuwe ikakaa juu ya matofali,
miezi saba uani,
kuku akatamia chini ya sanduku la gia.

Aliacha wajane wawili na magari mawili.
Mimi Datsun, yenye roho isiyo na miguu.
Mishi Corona, yenye miguu isiyo na roho:
injini ilifia Mariakani, ikarudi ikivutwa kwa kamba.
Mirathi ile iligawanywa na watu wasiofungua boneti.

Alipiga simu yeye. Miaka kumi na tisa ya ukewenza
hajapata kunipigia ila kwa msiba.
"Dada, za kwangu zi nne, zimelala tu. Ndoo uzitwae."

Fundi Chivatsi alipima kwa futi ya cherehani,
tundu kwa tundu, nati kwa nati.
"Yameingiana. Hawa ni baba mmoja, mama mbalimbali,"
akasema, asijue amesema nini.
"Ila hizi ni inchi kumi na nne.
Gari litasimama kama bibi harusi juu ya mchuchumio,
na ukikata kona, mpira utalamba madigadi."
Akashika nyundo, akaukunja mdomo wa bati kwa ndani,
kidogo, kidogo tena,
kama apindaye kanga.

"Na jambo jingine, mama. Mita itakuongopea.
Gurudumu kubwa huzunguka mara chache.
Ikisoma tisa, wewe umeshakwenda kumi.
Ikisoma hamsini, askari ataona hamsini na tano."

Nikacheka, hata nikashika ukuta.

Mita ile naijua.
Usiku, Shekuwe akikoroma, koti lake kitini,
nilitoka na tochi nikasoma tarakimu,
nikaziandika nyuma ya kalenda ya benki
kwa penseli ya mtoto.
Kuze hadi Magongo, kumi na moja.
Kumi na moja kurudi.
Akisema alikuwa Tononoka mazikoni: ishirini na mbili.
Akisema alipeleka gari gereji: ishirini na mbili.
Nilimjua Mishi kwa hesabu
kabla sijamjua kwa jina.

Jumapili nimelitoa.
Liko juu, linanesa, naona ndani ya maduka
ambayo zamani niliona vizingiti vyake tu.
Mzunguko wa Makupa likaguna, mpira na bati,
krrr,
kama mtu asafishaye koo kisha asiseme neno.
Darajani upepo ulikuwa na saruji na dizeli.
Changamwe. Magongo.
Geti la buluu. Kumbe ni la buluu.
Nikazima, nikainama kwenye mita:
kumi, tena kumi yenyewe haijatimia.

Kilomita nzima haikuandikwa popote.
Labda ni ile ya darajani,
labda ni ile ya mwisho, ya vumbi na mbuzi,
niliyoiendesha polepole nikitafuta la kusema.
Penseli nilikuwa nayo mkobani.
Sikuitoa.

Mishi alikuwa mlangoni, mikono ina unga.
Nyuma yake Corona imekaa juu ya matofali,
matofali yangu, yale yale, moja lina kinyesi cha kuku.
Aliyatazama magurudumu kabla ya kunitazama uso.
"Yamekukaa," akasema.
Kisha akaingia ndani, akatoka na spana,
unga wote juu ya chuma:
"Lakini zikaze nati kabla hujarudi.
Safari ya kwanza, hulegea."